Mtangazaji na Debe la Ulezi

Juzi nyumbani Lyamkena, nikichambua maharage, nilisikiliza podikasti ya historia kwenye simu. Mtangazaji, na lile lisauti lake la kujisikia, alisimulia vita vya Wajerumani kwa milio ya bunduki na ngoma za kupakua mtandaoni. Njaa iliyofuata aliipa sentensi moja tu, kisha akaweka tangazo la mafuta ya kupikia. Mafuta! Nikazima.

Bibi yangu wa kijijini Yakobi hakuwahi kuigiza bunduki. Alitueleza alichoambiwa na bibi yake: askari walichoma vihenge vya nafaka, watu wakala mizizi ya porini. Chini ya kitanda chake alihifadhi debe la ulezi. Tulishamzika. Debe liko palepale, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuupika ulezi ule.