Siku Niliyomtafsiria Mama wa Kitaliano

Mkasa huu sijamsimulia mtu kwa ukamilifu, hata mke wangu, lakini kwa kuwa nusu yake mshaisikia mitaani, heri mniaibishe mkiijua yote.

Miaka ya themanini hapa Malindi nilikuwa mtunza stoo kwenye jengo la ghorofa tano lililokuwa likijengwa karibu na ufuo, nyumba za kuuziwa Wataliano. Kazi yangu kutoa saruji na misumari, basi. Lakini barazani nilikuwa nikijigamba kwamba Kitaliano nakijua (nilijua kusalimu, kushukuru na kuhesabu mpaka ishirini), na maneno hayo yakamfikia mkandarasi wetu, Bwana Ndegwa, mtu wa bara, hasira zake karibu.

Basi asubuhi moja ya joto la kaskazi mke wa mwenye jengo akaja kutoa maoni yake juu ya nyumba ya mfano, ghorofa ya nne. Akiipenda, zote zitamalizwa vivyo hivyo. Dereva wake, ambaye ndiye humtafsiria, mama alikuwa amemtuma sokoni. Ndegwa akaniita.

"Athumani, wewe si unajua lugha ya hawa? Ukifanya vizuri nakutoa stoo, nakufanya msimamizi."

Hapo ndipo ilinipasa niseme sijui. Nikasema, "Naijua, bwana."

Juu tulimkuta mzee Kazungu, seremala wa Junju, makamo ya baba yangu, anamalizia kupaka milango vanishi. Mama akapitisha mkono kwenye vigae vya bafuni, akaitazama sakafu ya terazo, akasema "bello" (hilo nililijua, ni kusema pazuri), nikatafsiri, Ndegwa akatabasamu. Kisha akasimama katikati ya sebule, akaonyesha lile dirisha kubwa la kioo, akasema, "Kaldo. Tropo kaldo."

Nikakumbuka Kiingereza cha shule, koldi ni baridi. "Anasema pana baridi."

"Baridi? Mwezi wa pili?"

"Ndivyo asemavyo, bwana."

"Kazungu, funga madirisha!"

"Bwana, vanishi mbichi hii, na nyumba yenyewe haina pumzi, nilishasema..."

"Nimesema funga!"

Yakafungwa. Mama akasema kaldo kwa sauti zaidi, mlango ukafungwa. Akataka kufungua dirisha mwenyewe, Ndegwa akamwahi kwa adabu, akamsaidia kulifunga vizuri. Akasema maneno mengi kwa haraka, nikaulizwa anasemaje, nikajibu, "Anashukuru, ila bado baridi," na ile nafasi ya hewa juu ya mlango nayo ikapigiliwa ubao. Harufu ya vanishi ikatushika kooni.

Mama akanigeukia mimi. Akajifuta paji la uso, akanionyesha kiganja kinachochuruzika jasho. "Kaldo," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Nikaelewa. Wallahi nilielewa pale pale, na bado nikanyamaza, maana usimamizi nilishauonja mdomoni.

Mara uso ukampauka, akateleza ukutani mpaka chini. Ndegwa akapiga ukelele, dirisha likafunguliwa, maji yakaletwa, na mama alipoanza kufumbua macho, Ndegwa akamgeukia Kazungu.

"Vanishi yako hiyo! Kusanya vitu vyako, rudi kwenu!"

Mzee akatia randa na brashi kwenye kikapu, akatoka. Mimi macho kwenye terazo. Alikuwa ameshafika ngazini mdomo wangu uliponifunguka.

"Bwana, mimi Kitaliano sikijui. Mama alikuwa anasema joto."

Ndipo dereva akafika, akamsikiliza mama kwa kirefu, akatugeukia. "Anasema vigae vizuri, sakafu nzuri, lakini nyumba haipumui, iongezewe matundu ya hewa. Tena anauliza, tangu aingie anawaomba mfungue, mbona nyinyi mnafunga?"

Vibarua waliojazana mlangoni walicheka mpaka wakakaa chini. Kazungu akarudishwa kazini kutoboa matundu, mimi nikapelekwa kubeba kokoto, ghorofa tano kwa ngazi, na jina nikapewa, Bwana Baridi.

Kicheko nilikizoea. Kilichonichoma ni jioni ile nilipomfuata Kazungu. "Nisamehe, mzee wangu, sikujua."

Akanitazama. "Kutojua si kosa, mwanangu. Lakini nilipokuwa nafunga kikapu, ulikuwa ushajua."

Tangu siku ile nisilolijua nasema silijui, tena nasema mapema, kabla mtu hajafika ngazini.