Wimbo wa Ndaya

Ndaya alipokufa kwa surua, mama yake, Bitota, alimtungia wimbo wa kilio. Wanawake wa kambi ya reli hapo Kamina wakauomba. Bitota hakuwa mchoyo. "Muchukue," akawaambia, "kila muntu atie jina ya mufu wake."

Wakauchukua kweli! Katika kila msiba wimbo ukaongezwa majina, ukabadilishwa sauti, ukafika mpaka Kabongo.

Miaka mingi baadaye, Wabelgiji walipokuwa wanajenga base, kambi yao ya jeshi, Bitota, kichwa kizima mvi, alikwenda kwenye kilio cha jirani. Wimbo ukaanza. Majina yakapita, akasikiliza, la Ndaya halimo.

Msichana mmoja akamwona kimya, akamhurumia. "Mama, haujue hii wimbo? Iko ya bantu bote. Weye pia, tia mufu wako."

Bitota akangoja zamu kama mgeni, akamtia Ndaya mwisho kabisa.