Pini ya Kardani na Kiti cha Fundi

Siku ile naikumbuka kwa mguu kwanza, ndipo kwa kichwa. Tulikuwa katikati ya mteremko wa kushuka bandarini, bibi arusi nyuma na shangazi zake wawili, mimi mbele kando ya dereva, nikasikia chini yetu kitu kinagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Mara ya tatu mbao za sakafu zikapasuka, chuma kikapanda kikizunguka, kikanikuta gotini. Mwanangu, usicheke: hata kabla ya kulia nilijiuliza, pini imetokaje?

Gari lilikuwa la Papa Stanisi, mstaafu wa reli, alilolirithi kwa baba yake. Jeusi, la zamani za Wabelgiji, siku hizo likibeba maarusi tu. Lililetwa garajini kwetu kwa sababu kardani ililia. Kardani ni lile bomba refu linalopeleka nguvu za injini kwa magurudumu ya nyuma. Kichwani mwake kuna kiungo, na kiungo kinashikwa na pini nene kama kidole gumba. Pini yenyewe inazuiwa isitoke na gupi, kiwaya cha miguu miwili kinachopita tunduni, kisha miguu inapanuliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho yalikuwa yangu. Nililala chini ya gari lile nikazungusha kardani kwa mkono karibu nusu saa, nikitaka kuelewa namna gani kiwaya kama cha kuning'inizia samaki kinaweza kushika gari na arusi yake yote. Hata leo sijachoka kulishangaa jambo hilo.

Gupi ya zamani ilikatika tulipoitoa. Fundi Kabeya, mkubwa wetu, akakata spoku ya baiskeli, akaipitisha tunduni, akaikunja upande mmoja.

"Papa Kabeya, tundu ni kubwa kuliko spoku. Haitacheza?"

"Iache icheze, si ni arusi?" Garaji yote ikacheka. "Hii haiko safari ya mbali ya Moba, mudogo wangu. Ni kanisa na kurudi."

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi: aliyefunga kitu cha chini ya gari anapanda safari ya kwanza, mbele, kando ya dereva. Anayejua atakaa pale hafungi ovyo. Asubuhi ya arusi Kabeya akaniita, akanivalisha koti lake mwenyewe.

"Kaa weye mbele leo. Unapenda kuona mambo, utaona."

Nikafurahi. Mlangoni Papa Stanisi akaniuliza, "Ni weye njo uliyefunga?" Nikanyamaza, nikainua kichwa kama mtu wa kazi. Kosa langu liko pale, sitalificha. Wasiwasi niliomwambia Kabeya nilipaswa kuusema mbele ya mwenye gari.

Bibi arusi na shangazi zake walitoka na mikwaruzo. Mimi mguu ulikatwa. Nikiwa bado kitandani, Kabeya akamwambia Papa Stanisi: "Aliyepanda njo yeye aliyefunga. Desturi yetu unaijua, Papa." Wenzangu wa garaji wakatazama chini. Mzee alikufa akiamini mimi ndiye niliyeharibu gari la baba yake.

Nilipopata magongo nilijaribu mwenyewe, spoku kwenye pini moja, gupi kwenye nyingine, nikazungusha siku nyingi. Spoku ni chuma kigumu, ukiikunja inapata ufa palepale, na kwa sababu haijazi tundu inasuguliwa mpaka inakatika. Gupi ni laini, inajaza, inatulia.

Basi shika hili, mwanangu. Gupi iwe mpya kila mara, ijaze tundu, panua miguu yote miwili, kisha zungusha kardani duara zima ukiitazama. Mwenye gari akikuuliza, mwambie ulichoona, hata mkubwa wako akiwa hapo anakukodolea macho. Na mtu akikupa kiti chake, muulize kwa nini hakai yeye. Mungu akulindie mikono na miguu, kila gari utakaloingia chini yake utoke mzima.

Na weye Kabeya, najua uko hai, una garaji yako ng'ambo ya mto Lukuga. Njoo mbele ya watoto wa Papa Stanisi, useme ni nani aliyefunga pini ile, na kwa nini asubuhi ile hukupanda.