Alichosoma Kwenye Pakiti ya Majani Chai

Tarehe 14 Machi 1959, Jumamosi asubuhi, mke wangu alikufa katika hospitali ya Thika. Alikuwa na miaka thelathini, au thelathini na mmoja. Hatukuwa na hakika, kwa sababu yeye alihesabu tangu mwaka wa nzige na mama yake alihesabu tangu mwaka mwingine.

Siku hiyo nilimpoteza pia mtu aliyekuwa akinisomea. Watu wa kwetu wakisikia hivyo watacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilifika darasa la tatu. Nasoma, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Yeye alisomea misheni mpaka la sita, na alisoma kama anavyoongea.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru, upande wa Theta. Tulitoka magharibi, na binti yetu wa pekee alikaa huko kwa nyanya yake. Mimi nilifanya kazi ya kugeuza kahawa juani kwenye meza za kuanikia. Mke wangu alichuma. Jioni, tukishakula, aliketi karibu na taa ya kibatari akafungua kitabu chetu. Nasema kitabu chetu kwa sababu kilikuwa kimoja, ukiacha Biblia. Alikinunua sokoni Thika kwa mtu aliyetandaza vitabu juu ya gunia. Kilikuwa kitabu cha kufuga nyuki.

Hatukuwa na nyuki, wala hatukutaka kuwa nao. Nilimwambia amepoteza pesa, bora angenunua cha hadithi. Akanijibu kwamba hadithi ukishajua mwisho wake imekwisha, lakini mambo ya nyuki hayana mwisho. Alikuwa na maoni ya namna hiyo kuhusu kila kitu. Sukari iliyokwisha kufungwa hakuinunua, alitaka ipimwe akiona. Sabuni ya mche aliinusa kabla haijakatwa. Chai ya shambani kwetu aliiita maji ya kuoshea sufuria. Baada ya sura mbili nilikubali kimoyomoyo kwamba kitabu kile ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na ile sura ya moshi, namna ya kuwatuliza nyuki kwa moshi, nilimwomba airudie mara nne au tano.

Mimi nilipenda sinema. Mara moja kwa miezi michache, gari la sinema lilikuja kwenye uwanja wa mpira wa shamba. Shuka jeupe lilitundikwa kati ya nguzo mbili, na jua likishazama tuliketi chini sote. Jirani yetu wa chumba cha pili, dereva wa trekta, alidharau sinema kwa kuwa alikuwa na santuri ya kukaza kwa mkono na sahani saba, na aliona burudani yote ya dunia iko chumbani mwake. Alimwita mke wangu Mama Mwalimu. Walibishana kila siku, yeye na mke wangu, kama santuri inashinda kitabu, na ubishi wao ulikuwa burudani ya tatu.

Katikati ya mwaka 1958 maoni ya mke wangu yakaanza kubadilika.

Kwanza ilikuwa sabuni. Alirudi kutoka mtoni akasema siku hizi wanaichanganya na kitu kilichoungua. Nikainusa. Ilinuka kama sabuni. Nikamwambia hivyo, naye akasema pua yangu imezoea vumbi la kahawa haijui tena kitu. Tulibishana, tukacheka, mwezi uliofuata akanunua sabuni ya rangi nyingine. Siku ya tatu nayo ikanuka kuungua.

Kisha gari la sinema likaja. Picha yenyewe ilikuwa ya mtu aliyepakia mizigo mingi mno kwenye baiskeli, na watu wakacheka mpaka wakalala chini. Mke wangu aliketi akiwa amefunika jicho moja kwa kiganja. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama ameipenda.

"Imetengenezwa vibaya," akasema. "Kila mtu ana ndugu yake anamfuata nyuma."

Niliona ni mzaha wake. Asubuhi nikamsimulia dereva wa trekta, naye hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Kufikia saa ya chakula cha mchana kambi nzima ilijua. Wanawake walimsalimu njiani, "Mama Mwalimu, hujambo, na huyo ndugu yako wa nyuma hajambo?" Naye aliwajibu kwamba wote wawili wazima. Alicheka pamoja nao. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa maana ndimi niliyekileta kichekesho.

Mwezi wa Oktoba, mavuno makubwa yalipoanza, nyapara alimwaga debe la mke wangu chini mbele ya watu. Alikuwa amechuma mbichi pamoja na mbivu. Hata mtoto wa siku ya kwanza hachanganyi hivyo, na yeye alikuwa mchumaji wa miaka saba. Jioni alisema kahawa ya mwaka huu inaiva vibaya. Nami siku nzima nilikuwa nimeigeuza kwa mikono yangu na nilijua imeiva vizuri.

Halafu kikaja kitabu. Tulikuwa tumebakiza sura tatu, na iliyofuata ilikuwa ya nta. Alisoma mistari michache akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Akasema vitabu siku hizi vinachapwa vibaya, herufi zinatoka kwenye mstari.

"Kitabu ni kilekile," nikamwambia. "Ndicho umekisoma miaka miwili."

Alikitazama kwa muda. Kisha akakifunga, akaenda kuosha sufuria.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nimeyafikiria mengine yote, sabuni, sinema na debe, na naweza kujisamehe kwa sababu mtu ana haki ya kuchukia sabuni. Lakini kitabu kilikuwa kilekile, na nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nilichofanya ni kile ambacho kila mtu wa kambi yetu angefanya. Macho yakichoka, mtu alikwenda kununua miwani. Kule Thika, kwenye barabara ya maduka, kulikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee ambamo tulinunua vitu vyetu vya mwezi, na juu ya meza yake palikuwa na sinia ya bati iliyojaa miwani. Ulichagua, ukavaa, ukaivua, ukavaa nyingine. Ili kujua kama inakufaa, mwenye duka alikunyoshea kitu usome. Na kitu kilichokuwa karibu na mkono wake sikuzote kilikuwa pakiti ya majani chai.

Pakiti ile mke wangu aliijua kwa moyo. Kila jioni, maji yakingoja kuchemka, aliisoma kwa sauti ya mhubiri ili kunichekesha: majani yamechumwa wapi, maji yachemke namna gani, weka kijiko kimoja kwa kila kikombe na kimoja cha birika. Tuliinunua kila mwezi. Mimi mwenyewe, msomaji wa kukanyaga mawe, ningeweza kuikariri.

Tulipanda treni Ruiru Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa Oktoba. Alijaribu miwani mbili, akavaa ya tatu, akashika pakiti na kuisoma yote bila kukwama. Mzee wa duka akasema, "Mama anasoma kama jaji." Tulirudi tukifurahi. Usiku huo alinisomea nusu ukurasa, kisha akasema miwani mpya lazima ikae usoni kwanza izoee.

Mwezi wa Novemba tulirudi tukabadilisha. Akaisoma pakiti. Nyumbani, ukurasa haukufika mwisho. Sasa alikuwa akiamka na kichwa kinachomuuma hata akatapika, na kikimwachilia saa nne alikwenda kuchuma kama kawaida. Mama mmoja jirani alimuuliza kama ni mimba. Tukafikiri huenda. Tukafurahi tena kwa wiki mbili.

Mwezi wa Januari tulikwenda mara ya tatu. Duka lilijaa watu, na treni yetu ilikuwa imekaribia. Alivaa miwani nzito yenye fremu nyeusi. Mzee wa duka alimpa pakiti huku anampimia mtu mwingine sukari. Mke wangu akaiinua mbele ya uso wake, akaanza: majani yamechumwa wapi, maji yachemke namna gani.

Pakiti ilikuwa imegeuka. Upande uliomwelekea ulikuwa ule wa picha, mwanamke mwenye kikapu na mlima nyuma yake, pasipo hata neno moja. Maandishi yalikuwa upande wangu. Alikuwa akisoma na mimi nikayaona maneno yake mbele ya macho yangu, moja baada ya moja, bila kosa.

Nilinyamaza. Ningeweza kusema kwamba nilishikwa na mshangao, lakini haikuwa hivyo. Nilikuwa na muda wa kutosha, kwa sababu pakiti ile ina mistari tisa. Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa, na kwa kuwa treni ilikuwa inakuja, na kwa kuwa nilitaka miwani ile iwe nzuri. Nilimwambia mzee wa duka tunaichukua.

Ndani ya treni alikaa dirishani. Tulipopita daraja akasema bila kunigeukia:

"Baba watoto, uliona?"

"Niliona nini?"

"Basi," akasema.

Hatukuongea tena mpaka Ruiru.

Mwezi wa Februari alianguka katikati ya mistari ya kahawa, na debe likamwagika juu yake. Gari la shamba likampeleka hospitali Thika, nami nikafuata kwa miguu mpaka stesheni. Daktari alikuwa mtu mpole, na alizungumza nami kwa kupitia dresa, msaidizi wake aliyejua Kiswahili vizuri. Aliniuliza tangu lini mke wangu anaona kitu kimoja kuwa viwili.

Nikahesabu nyuma. Nikamwambia: tangu sinema ya baiskeli. Dresa akaniuliza ni mwezi gani huo, nikasema Julai. Aliniuliza kama aliwahi kunusa kitu kinachoungua wakati hakuna moto. Nikamwambia habari za sabuni. Kila alichouliza nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimeyasikia yote kwa masikio yangu, nikayabishia, mengine nikayapeleka kambini yachekwe.

Daktari alisema kuna uvimbe ndani ya kichwa, nyuma ya macho, na kwamba sasa umekuwa mkubwa. Sikumuuliza kama tungewahi lau tungekuja mapema. Niliona ni mtu wa kunijibu kwa huruma, na sikutaka jibu la huruma.

Alilazwa wiki tatu. Jumapili nilikwenda kukaa naye. Siku nyingine alinijua kwa sauti tu. Jumapili moja akili yake ilikuwa safi kabisa, akanidhihaki kuhusu shati nililonunua, akalishika shingoni na kusema kitambaa hiki kitakwisha kwenye kufua kwa pili. Alikuwa sahihi. Nikamuuliza kile ambacho kilikuwa kikinisumbua tangu Januari: kwa nini alisoma pakiti kwa moyo?

"Ulikuwa unaingojea sura ya nta," akasema. "Nilifikiri macho yatarudi kabla hujajua."

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia niliiona picha.

"Najua uliona," akasema. "Nilisikia ulivyonyamaza."

Kisha akaomba maji.

Alizikwa Thika, mbali na kwao, kwa sababu sikuweza kumsafirisha. Wafanyakazi kumi na wawili wa shamba walipewa ruhusa kuja. Dereva wa trekta alichimba pamoja nasi, na kwa mwezi mzima baada ya hapo santuri yake haikulia. Nilimwambia aifungulie tu. Akasema hana sindano. Nilijua anazo.

Sura ya nta niliisoma mwenyewe. Ilinichukua mpaka mwezi wa Mei. Si nzuri kama zile za kwanza. Mwandishi anaharakisha, na anarudia mambo aliyokwisha kusema kuhusu sufuria na kitambaa cha kuchujia. Ningependa kumwambia hivyo mke wangu, naye angeitetea.

Mwisho wa mwezi huo nilikwenda Thika kununua chai na sabuni, nikaichukua ile miwani nyeusi. Ilikuwa nzima haina mkwaruzo. Nilimwambia mzee wa duka kwamba mwenyewe hayupo tena. Akaipangusa kwa kitambaa, akaniwekea mche wa sabuni juu ya meza badala yake, kisha akairudisha kwenye sinia. Nikainusa ile sabuni. Ilinuka kama sabuni.

Kabla sijatoka aliingia mzee mmoja mwenye koti la jeshi lililochakaa, mtu wa hapo hapo Thika, akasema macho yake yamechoka. Akapekua sinia akaishika ile nyeusi, akaivaa. Mwenye duka akanyosha mkono kwenye rafu akachukua pakiti ya majani chai.

"Mpe kitu kingine," nikasema.

Mwenye duka alinitazama. Akairudisha pakiti mahali pake, akachomoa ukurasa mmoja kwenye rundo la magazeti ya kufungia sukari, akampa. Yule mzee akaugeuza huku na huku, akasema yeye hakusoma shule, anataka tu kushona vifungo vyake. Basi akapewa sindano na uzi. Alikwenda mlangoni penye mwanga. Alikosa mara ya kwanza, akakosa mara ya pili, na mara ya tatu uzi ukapita. Akamrudishia mwenye duka sindano yake, akalipa, akatoka ameivaa.