Kompyuta ya Parokia Imeniozesha kwa Mume wa Binamu Yangu

Mhariri, jina langu lifiche. Hata ukilichapisha, huenda mtu mwingine ndiye akalaumiwa, na hilo ndilo lililonileta kwenye ukurasa wako.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Embu, na ninauza katika duka la mbegu karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru. Nimechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, asiyekunywa, na ninampenda. Lakini siku hizi sikai nikatulia. Nafagia duka ambalo nimeshalifagia. Mteja anaomba mbegu za sukuma, nampa za kabichi.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Baba yangu ana kaka, na binti wa kwanza wa kaka huyo akaitwa jina hilo hilo la nyanya. La ubatizo pia likafanana, kwa sababu nyanya mwenyewe aliomba, na la tatu ni la babu yetu sote. Nyumbani haijawahi kuwa shida: yeye ni yule wa juu, mimi ni yule wa mtoni. Binamu yangu alifunga ndoa katika kanisa letu na mwanamume wa Maua anayefanya biashara ya miraa, wakahamia huko.

Sasa, miaka hii ya tisini kila ofisi inataka kompyuta, na parokia yetu nayo ikapata yake. Karani akaanza kuwahamisha waumini kutoka vitabu vya zamani. Alipofika kwangu akakuta jina limo tayari, akadhani anamwingiza mtu mmoja mara mbili, akatuunganisha. Ubatizo wangu, ndoa ya binamu. Nilisomea kompyuta kidogo hapa mjini, na somo la kwanza kabisa lilikuwa kwamba jina halitoshi kumtambulisha mtu. Kila mmoja apewe namba yake, isipewe mtu mwingine. Karani wetu hakuwa amempa mtu namba.

Tulipoenda kuandikisha ndoa, mimi na mchumba wangu, karani alitazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi.

"Madam, hapa inasema wewe umeolewa. Bwana yako ni wa Maua."

Mimi nilicheka. Mchumba wangu hakucheka. Njiani akaniuliza, "Huyo mtu wa Maua ni nani?" Nikamweleza habari za nyanya na binamu na majina yetu. Nikamwambia aende amuulize baba. Akasema baba ni wangu, lazima atanitetea. Kisha akaongeza, taratibu kama anayefundisha darasani, "Lakini computer haiwezi danganya. Haikujui, itakuchukia kwa nini?"

Niliumia, sitaficha. Mtu huyu amekula kwetu, anajua hata mahali mama anapoweka chumvi. Jumapili mama yake naye akanimiminia chai na kuniambia, "Mwanangu, lisemwalo lipo." Chai ilinishinda.

Nilipanda hadi Maua kumleta binamu. Alikuja na mumewe, mtoto mgongoni, picha ya harusi mkononi, na hasira nyingi kuliko zangu. "Kwa hivyo mimi ndio sina bwana sasa?" akamuuliza karani. Padre alicheka, akafungua vitabu vya zamani, akaagiza tutenganishwe na kila mmoja apewe namba yake.

Mchumba wangu alikuwa hapo hapo. Binamu alimpa ile picha, akaishika bila kuitazama. Alikuwa anangoja kioo. Tulipotokea wawili, kila mmoja na mstari wake, na wangu hauna mume, akashusha pumzi na kunishika mkono. "Haya, sasa iko sawa. Tuendelee na harusi."

Wote walifurahi isipokuwa mimi. Mimi hakuniamini. Aliiamini kompyuta mara ya kwanza, akaiamini tena mara ya pili.

Baba anasema nisamehe, mahari imeshapokelewa na mwanamume asiyekunywa haokotwi njiani. Binamu anasema, "Wachana na yeye." Matangazo ya ndoa yataanza kusomwa mwezi ujao. Jana mchumba wangu alikuja dukani akiwa na furaha tele, akasema binti yetu wa kwanza ataitwa jina la mama mkwe wangu, kama desturi inavyotaka. Kaka yake mchumba wangu ana msichana wa jina hilo tayari.

Wasomaji, tangu jana namuwaza huyo mtoto ambaye hata hajazaliwa. Siku atakapochanganywa na binamu yake, aje nyumbani akilia kwamba si yeye, baba yake atamsikiliza, au atataka kwanza kuona kioo? Bado nampenda, na hilo ndilo linalonitesa zaidi. Nishaurini, niolewe naye au nimrudishie pete?