Sanduku la Chini ya Kombi

Kabla hujafungua mdomo kuniuliza, nikujibu kabisa: sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Najua visa vya namna hii hupenda giza. Changu kilinipata saa sita mchana, jua la Likasi limesimama utosini, nami nimelala chali chini ya gari na ufunguo namba kumi na tatu mkononi. Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutaweza.

Mimi ni mchomeleaji. Hapa mtaani Kikula wananiita Papa Fundi, hata wazee walionizidi umri. Miaka ile ya tisini kiwanda kilinyamaza, nasi tuliokuwa tukivaa ovaroli tukarudi nyumbani na mikono mitupu. Nikaanza kutengeneza chochote nilicholetewa: mbabula, yaani majiko ya makaa, vitanda, milango ya chuma. Na kwa kuwa watu walikufa sana miaka ile, nikawa natengeneza na majeneza. Mbao au chuma, mbele ya njaa yote ni mamoja.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana kisa chote kimekaa hapo. Maiti hapimwi kwa mita. Unakata bua la matete kwa urefu wake, toka kisigino hadi utosi, ukimaliza jeneza bua lile linashuka kaburini pamoja na mwenyewe. Halirudi nyumbani na halipimi kitu kingine. Wazee wanasema kipimo ni cha mtu, na mtu akiondoka huondoka nacho. Mimi niliwacheka wazee kidogo, lakini desturi niliifuata. Niliifuata kila mara isipokuwa mara moja.

Nilikuwa na rafiki, Mukendi. Tulikaa dawati moja shule ya wamisionari, tukabatizwa siku moja, na alipokuwa mkubwa akawa dereva wa lori kule Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa. Aliyetoka Kasai, jimbo la mbali na hapa, ni baba yake. Mukendi mwenyewe alizaliwa hapahapa, na hiyo Kasai aliijua kwa kusimuliwa, kama wewe unavyoijua Roma. Halafu ukaja mwaka ule ambao watu wote wenye asili ya Kasai waliambiwa waondoke. Waliambiwa na nani? Na majirani, bwana! Vijana waliokula bukari, ugali wa mkono wa Mama Ngalula, mke wake Mukendi, ndio waliosimama mlangoni kwake wakipiga kelele: "Rudia kwenu! Rudia kwenu!" Jioni ileile mtu mwingine akaingia katika ile nyumba, na sufuria ya maharagwe ilikuwa bado motoni.

Mimi sikupiga kelele. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu nilijivunia sana. Kila aliyenisikiliza nilimwambia: mdomo huu haujasema neno lile na hautalisema.

Watu wakajaa pale stesheni ya gari la moshi, wakingoja mabehewa. Wengine walilala juu ya magunia, wengine chini ya miavuli. Mukendi alikuwa na bahati kidogo, kama bahati ndilo neno lenyewe: alikuwa na kombi kuukuu ya kulala, yenye kitanda, mapazia na meza ya kukunja. Aliachiwa na mzungu wake wa kazi, mzungu yule alipokimbia nchi. Mzungu alikuwa akienda nayo ziwani kupumzika. Sasa ndani yake wakaishi Mukendi, mkewe na watoto watano, kando ya reli.

Surua ikapita pale stesheni. Ikamchukua Ngalula, binti yao wa kwanza, mtoto wa miaka saba ambaye alikuwa akija karakana kwangu kuokota vipande vya fito za kuchomelea na kuvipanga kwa urefu. Nilimpima mimi. Mlango wa karakana yangu niliuvunja, nikamtengenezea jeneza. Alikuwa na ndara moja tu ya buluu, ya pili ilipotea siku walipokimbia nyumba, na mama yake alimvalisha ileile moja. "Avae hata moja," alisema, "ingine atatafuta kule." Mazishi yalikuwa ya mbio, maana vijana wenye fimbo walionekana barabarani. Tulishusha, tukafukia, tukaondoka hata padri hajafunga kitabu.

Jioni nilifungua sanduku langu la vyombo, nikaliona bua lake limelala humo. Nikasema kesho nitalipeleka. Basi unajua kesho ilivyo, ikazaa kesho nyingine.

Baada ya majuma kadhaa Mukendi akaleta kombi kwangu. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Fundi, ile train batatudanganya mpaka lini?" alisema. "Tutapita mu barabara. Lakini ndani iko batoto, iko mama, iko magodoro. Bintu tutatia wapi?"

"Utie ku juu."

"Ku juu banaiba! Kila bariyeri ya barabara soldat anaangaria ku juu. Weye unifanyie sanduku ku chini, pale hakuna mwenye atainama."

Nikaona ana akili. Lakini usidhani kazi ile ni ya kupigilia misumari. Sanduku likining'inia sana, jiwe la kwanza barabarani linalibomoa. Likisogea karibu na ekzosi, unga wako unaungua. Na huwezi kuchomelea moja kwa moja penye tangi la petroli, labda kama umechoka kuishi. Ilibidi nitengeneze sanduku pembeni, kwa bati la pipa nililolipasua na kulinyoosha, kisha nilifunge chini ya kombi kwa vyuma na bolti, mlango wake ufungukie ubavuni. Nilihitaji kipimo. Mita yangu nilikuwa nimeiuza mwezi uliopita, ikageuka unga wa bukari. Nikaingiza mkono ndani ya sanduku la vyombo, mkono ukakutana na bua.

Nililijua? Niamini, nililijua. Nikajiambia chuma hakina mzimu, na huyu mtu ana haraka. Nikalilaza kati ya vyuma vya mbele na ekzosi, likaenea kamili, bila kupungua hata upana wa kidole. Nikafurahi, mpumbavu mimi.

Siku ya kumalizia, Mukendi na familia yote walikwenda misioni kuchukua vyeti vya ubatizo na baraka ya safari. Kabla ya kuondoka Mama Ngalula alinikaribia. Alikuwa mwanamke wa kucheka sana, kabla ya hayo yote.

"Papa Fundi, minye niko namuacha mutoto peke yake mu inchi yenye kutufukuza," alisema. "Utakuwa unaenda kumuona?"

Nikamwahidi. Nilimwapia hata.

Basi nimelala chini ya kombi, nafunga bolti ya mwisho, karakana haina mtu. Nikaona miguu midogo imesimama kando ya tairi.

"Papa Fundi, uko natengeneza nini?"

Nikadhani ni mmoja wa watoto wa Mukendi amewahi kurudi. Sikugeuka hata. "Niko natengeneza sanduku ya mama yako. Enda ucheze."

"Ile kipimo ni yangu."

Bolti ikaniponyoka, ikanipiga kifuani. Nikageuza kichwa. Mguu mmoja ulikuwa na ndara ya buluu. Mwingine ulikuwa mtupu, na udongo mwekundu umeingia katikati ya vidole.

Akachuchumaa, akaniangalia. Ungependa nikuambie macho yalikuwa moto, meno marefu? Hapana. Laiti angekuwa wa kutisha, leo ningelala vizuri. Alikuwa Ngalula, na nywele zilezile mama yake alizomsuka siku tuliyomzika. Akafungua mlango wa sanduku, akaingia, akajinyoosha. Utosi uligusa huku, visigino vikagusa kule.

"Unaona? Naenea," alisema. "Ufunge pole pole. Mama asijue, ataanza tena kulia. Tukifika kule, nitatoka."

Sasa nikuulize wewe: ingenigharimu nini? Kazi yenyewe ilikuwa kusukuma komeo kwa kidole kimoja. Mtoto alitaka kwenda na mama yake, hakuomba kingine. Lakini hofu ilinipanda toka miguuni, nikatambaa nyuma mpaka nikagonga kichwa kwenye ekseli, nikapiga kelele.

"Toka! Toka humo! Rudia kwenu!"

Ulimi hauna mfupa. Lile neno lilitoka kinywani mwangu kwa sauti ileile ya wale vijana, utadhani lilikuwa limekaa humo miaka yote likingoja zamu yake.

Akatoka. Hakulia. Alitoka taratibu, kama mtoto aliyezoea kuambiwa hivyo, na akafunga mlango wa sanduku vizuri nyuma yake.

"Kwetu ni wapi, Papa Fundi? Mama eko mu kombi."

Nilinyoosha mkono tu kuelekea makaburini. Naye akaenda, mguu wenye ndara ukilia pa, pa, ule mwingine kimya. Hakuyeyuka hewani. Nilimwona mpaka kwenye kona ya muuza makaa, na muuza makaa yule alivuta gunia lake ili mtoto apite. Mzee yule angali hai, hataki nimtajie habari hiyo.

Familia ikarudi. Mama Ngalula akainama kuangalia kazi yangu, akaingiza mkono sandukuni. Mkono ukakaa humo muda mrefu.

"Humu muko moto sawa kitanda," alisema. "Nani alilala humu?"

"Ni jua, mama," nilisema. "Jua tu."

Akaniangalia. Pale ndipo ningeweza kusema, unaelewa? Mtoto alikuwa hajafika mbali. Mama yule angemkimbilia bila viatu, angemwita kwa jina, na Kikula nzima ingesikia. Hata kama vijana wenye fimbo wangekuwa mlangoni, angemngoja. Mimi nikasema jua, kwa sababu niliona aibu ya lile neno kuliko nilivyomwonea huruma mtoto.

Mukendi akaanza kuleta sufuria na unga. Mkewe akamzuia.

"Humu usitie kintu."

"Juu ya nini? Si ndiyo sababu tulilitengeneza?"

"Sijue. Uache vile."

Na Mukendi, aliyemjua mke wake, akaacha. Unga wakaufunga juu, ambako uliibiwa bila shaka kwenye bariyeri ya kwanza ya askari. Wakaondoka jioni ile. Sanduku langu lilisafiri njia yote ya Kasai likiwa tupu, na aliyestahili kulala humo nilikuwa nimemfukuza mchana.

Juma lililofuata nilichukua bua, nikaenda makaburini. Nilitaka kumrudishia kipimo chake na kuomba msamaha. Nikakuta misalaba ya mbao imeng'olewa yote. Watu walikuwa wameifanya kuni za kupikia, nami siwalaumu, njaa ilikuwa njaa. Mvua ilikuwa imesawazisha udongo. Nilizunguka mpaka jioni, sikujua ni wapi, nikarudi nyumbani na bua langu.

Tangu hapo, kila nikilala chini ya gari na saa sita ikafika, naona miguu ile. Hanidhuru wala hanisemeshi. Anasimama tu kando ya tairi kama mtu anayengoja usafiri. Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia, nikamtengenezea sanduku lingine, kipimo kilekile, bati zuri, ndani nikatandika kitenge cha marehemu mama yangu. Nikaliweka katikati ya karakana, mlango wazi. Alikuja, akaligusa, akapapasa chini yake. Ndiyo mara moja tu aliyosema nami tena.

"Papa Fundi," alisema, "hii haina magurudumu."

Nililia siku ile, mimi mtu wa chuma, nikalia mpaka majirani wakaja.

Mukendi aliniandikia baadaye sana. Walifika. Kombi ilikufa palepale walipofika, siku hizi kuku wanalala ndani. Lakini sanduku la chini, aliandika, Mama Ngalula analiosha kila Jumamosi na hataki kuku hata mmoja aliingie. Akauliza kama naenda kumwona mtoto. Barua ile sijaijibu.

Madereva wanaokwenda Kasai nimewaomba mmoja mmoja wanipelekee bua lile kwa mama yake. Wananiuliza ni la nini. Ningeweza kudanganya, lakini nilikwisha kudanganya mara moja, nikasema jua. Nawaambia ukweli, nao wanawasha gari.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, cha marehemu mpe marehemu siku ileile, usiseme kesho. Na usiape kwamba kuna neno hutalisema kamwe. Afadhali ujikague mdomo kila asubuhi. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha. Ila kama una gari, na njia yako ni ya Kasai, inama kwanza uangalie chini kama kuna nafasi. Ni mtoto mdogo tu, hatakusumbua. Urefu wake ninao hapa.