Kunigunda, mchapaji wa Mbinga anayezitia kufuli barua pepe za wateja wake

Saa mbili kasorobo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mibuni ya mabondeni, na Kunigunda Hyera ameshamsimamisha mteja wake wa kwanza mlangoni.

"Hapo hapo panatosha, kaka," anamwambia bila kuinua macho. "Kabla hujanipa karatasi yako, niambie. Unayempelekea ni nani? Na ofisini kwake anakaa na nani?"

Mteja, mkulima wa kahawa aliyejifunika koti la mvua, anacheka. Kunigunda hacheki. Kompyuta yake imewekwa kioo kikielekea ukutani. Dirisha limebandikwa magazeti ya zamani mpaka juu. Hata karatasi zilizoharibika hazitupi jalalani. Anazichana na kwenda nazo nyumbani kuwashia moto.

Mkulima anajibu maswali yote. Kunigunda anamchapia barua yake, anamsomea kwa sauti ya chini, kisha anabonyeza alama ndogo ya kufuli iliyopo chini ya sehemu ya kuandikia. Kuanzia hapo, atakayeipokea barua pepe ile ataweza kuisoma tu. Hataweza kuichapa, kuikopi wala kumtumia mtu mwingine. Zikipita siku saba, haitafunguka tena.

"Nenda salama," anasema. "Na wewe usiende kuitangaza kwenye basi."

Mjini Mbinga wanamwita Mama Kufuli. Wengine wanalitamka jina hilo kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mwandishi wa makala haya alipomwomba mahojiano kwa barua pepe, alijibiwa siku ya nne, kwa barua iliyogoma kuchapwa. Ndani yake kulikuwa na maswali tisa. La kwanza lilikuwa hili: "Maelezo yangu utayaweka wapi, na nani mwingine ana ufunguo wa hapo?"

Hakuzaliwa hivyo.

Kunigunda ana umri wa miaka thelathini na minane. Alikulia kwenye vilima vya Wamatengo, ambako mama yake mpaka leo analima ngolo, yale mashimo ya shambani yanayozuia mvua isikombe udongo. Alimaliza kidato cha nne, akafundishwa kuchapa na masista, akafungua duka la steshenari karibu na stendi miaka kumi na mmoja iliyopita.

Kwa miaka minane ya mwanzo, duka lilikuwa wazi kama soko. Watu waliingia, wakakaa kwenye benchi, wakasomeana barua juu ya mabega. Nusu ya chumba alimpangisha Ilyasi Fakihi, fundi simu ambaye babu yake alihamia huku kutoka Kilwa. Ilyasi ndiye aliyemtengenezea kompyuta, na paswedi zote alizijua.

"Tulikuwa tunakula sahani moja," anasema Kunigunda. "Yeye akiwa msikitini, mimi nahudumia wateja wake. Mimi nikiwa kwenye sala za jumuiya, yeye anahudumia wangu."

Kisha akaja mwanamke ambaye hapa tutamwita Tereza.

Tereza anatoka kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ndiye aliyeruhusu kisa hiki kisimuliwe, kwa sharti kwamba jina lake la kweli na la kijiji chake yasiandikwe. Ni mjane, anaanika na kuuza usipa, dagaa wa ziwa hilo. Miaka mitatu iliyopita aliambiwa kwamba kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe kimegawiwa mtu mwingine anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Alipouliza, alionyeshwa muhtasari wa kikao cha kijiji, wenye sahihi za wajumbe.

Mvuvi mmoja, tumwite Bernadi, alikuwa mmoja wa wajumbe hao. Alimfuata Tereza kwa siri akamwambia kikao hicho hakikuwahi kufanyika, na kwamba wawili kati ya waliotia sahihi walikuwa wameshakufa kabla ya tarehe yake.

Tereza alipanda gari mpaka Mbinga. Alimsimulia Kunigunda yote, naye akayaweka kwenye barua ya kurasa mbili, akaituma kwenye ofisi moja yenye mamlaka juu ya mambo hayo. Jina la Bernadi lilikuwemo. Chini yake Kunigunda aliandika kwa herufi kubwa: TUNAOMBA JINA LA SHAHIDI LISITAJWE.

"Niliamini maneno yale yanatosha," anasema. "Nilidhani ukimwomba mtu mzima, amekusikia."

Hazikupita siku sita. Bernadi alikwenda asubuhi kwenye chanja anakoanikia nyavu, akazikuta zimekatwakatwa vipande vidogo. Jioni, mtu asiyemfahamu alimpitia nyumbani na kumwambia mkewe, "Mwambie mumeo barua zinasomwa."

Aliyezikata nyavu hajajulikana mpaka leo. Bernadi alichukua mke na watoto akahamia Lundo, kijiji kingine cha ziwani, kwa dada yake.

Tereza alirudi Mbinga akiwa na hasira. Kunigunda anakumbuka kwamba hakumsalimia wala hakuketi.

"Barua ile tuliijua watatu," alimwambia. "Mimi, wewe na Mungu. Mimi sijasema. Nimtuhumu Mungu?"

Kunigunda aliapa kwa kila alichoweza kukiapia, lakini habari zilishasambaa kwamba barua za pale zinavuja. Wateja waliokuwa wakifika ishirini kwa siku walipungua mpaka sita.

Akaanza kutafuta aliyemponza, na macho yake hayakwenda mbali.

"Nilimtazama Ilyasi," anasema. Hapo anafuta kioo ambacho hakina vumbi. "Nikajiuliza, nani mwingine anajua paswedi? Nani anaongea na watu wa ziwani kila siku wanapoleta simu? Nilikuwa nikiingia ghafla kuona kama atashtuka. Siku moja nilimkuta anacheka kwenye simu, nikasema moyoni, ananicheka mimi."

Hakumwuliza. Alimpa wiki moja ahame. Ilyasi aliuliza kosa lake, akajibiwa, "Unalijua." Alikusanya bisibisi zake na kibao chake cha kufanyia kazi, akahamia upande wa pili wa barabara. Wakawa wanaonana kila asubuhi bila kusalimiana, na ilikuwa hivyo kwa miezi minne.

Katika mwezi wa tano wa kununiana huko, ofisi ile ilimjibu. Mistari miwili tu: malalamiko yamepokelewa, yanafanyiwa kazi. Lakini aliyejibu alikuwa na haraka. Hakufungua ukurasa mpya, alijibu juu ya mlolongo wote wa barua zilizotangulia. Kunigunda alishuka chini kwa kidole, akafika kwenye barua yake mwenyewe, neno kwa neno, na jina la Bernadi.

Juu yake palikuwa na ujumbe mfupi uliotumwa kutoka ofisini kwenda kwa kiongozi wa kijiji, yule yule aliyelalamikiwa: "Huyu mama anakuchafua. Soma hapo chini, uandae majibu."

Tarehe ilikuwa ya siku ile ile aliyoituma, na saa zilikuwa zimepishana kwa dakika arobaini.

"Nilisoma mara tatu," anasema. "Halafu nikainuka, nikavuka barabara. Sikufunga hata duka."

Ilyasi, anayekumbuka siku hiyo kama jana, anasema alidhani amekuja kumfukuza na huko pia.

"Aliniambia, 'Kaka Ilyasi, nimekukosea.' Nikamwambia, sasa leo ndiyo umeniona? Miezi minne nipo hapa hapa." Anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Alilia. Nilimwacha alie kwanza. Sikumsamehe siku ile, nisiseme uongo. Iliniuma sana. Nilimsamehe baada ya Idi."

Lakini kabla ya Idi hiyo alishamfundisha. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamwonyesha alama ya kufuli ambayo Kunigunda aliipita kila siku bila kujua kazi yake.

"Nilimwambia, kuku mgeni hakosi kamba mguuni," anasema Ilyasi. "Barua ikitoka kwako inakuwa mgeni kwa watu. Ifunge kamba. Ukiona wanaichezea, unaivuta hata kabla ya siku zake kwisha."

Kisha akachukua simu yake, akapiga picha barua iliyokuwa wazi kwenye kioo. "Na hii," akamwambia, "hakuna kufuli litakaloizuia."

Kwa hilo Kunigunda alitafuta dawa yake mwenyewe. Barua ikienda kwa watu watatu, haiendi moja. Anaandika tatu, na katika kila aya anaingiza jina la anayeisoma. Atakayeipiga picha atakuwa amejipiga picha na yeye.

Barua ya kwanza aliyoiandika kwa utaratibu huo ilikuwa ya Tereza. Haikuwa rahisi kumpata. Kunigunda alipanda basi mpaka ziwani, akiwa amekunja kwenye mkoba nakala ya ule mlolongo wa barua. Tereza aliisoma akiwa amesimama kando ya chanja la usipa. Alipomaliza hakusema pole wala asante. Alisema, "Kwa hiyo tulikuwa wajinga sote wawili. Tuandike tena."

Safari hii waliandika kwenye ofisi ya juu zaidi, barua za aina mbili. Moja ilikuwa ya wazi, ya kuwekwa kwenye faili, isiyo na jina la shahidi. Ya pili, yenye jina, ilitiwa kufuli na kupewa siku saba. Siku ya pili yake simu ikaita. Alikuwa ofisa mmoja mtu mzima, mzee Frederick, aliyekubali kutajwa kwa jina hilo moja tu.

"Wewe binti, barua gani hii haichapiki?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza, nitaiwekaje kwenye faili?"

"Ya faili nimekutumia, mzee. Hiyo nyingine ni ya macho yako tu."

"Ina maana unatushuku?"

Kunigunda anasema aliutazama ule mlolongo wa barua aliokuwa ameubandika ukutani.

"Ndiyo, mzee. Nashuku."

Kisha mzee Frederick akauliza shahidi anaweza kupatikana wapi bila kupita kijijini.

Alipoulizwa na mwandishi huyu, ofisa huyo alikiri kwamba alikasirika. "Nimefanya kazi miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema. "Lakini nilifikiria. Kama ningekuwa mimi ndiye mvuvi, ningependa mtu wa namna hiyo aniandikie."

Bernadi alihojiwa mjini, mbali na kijiji. Sahihi za marehemu zikalinganishwa na tarehe za mazishi yao. Baada ya miezi saba ugawaji ulifutwa, na Tereza akapanda miti mipakani mwa kiwanja chake. Kiongozi aliyelalamikiwa bado yuko madarakani. Alipopigiwa simu kwa ajili ya makala haya alisema hana la kuzungumza, kisha akauliza namba yake imetolewa na nani.

Bernadi hajarudi. Anavua Lundo, kwa nyavu za shemeji yake.

Kunigunda hadai kwamba ushuku wake umekuwa baraka kwa kila mtu. Mwaka jana kijana aitwaye Clemence alimletea maombi ya kazi. Alizoea kufunga, akafunga. Mwajiri alikuwa safarini, alipoifungua siku ya kumi barua ilikuwa imekufa. Nafasi ilikwenda kwa mwingine.

"Yule kijana nilimkosea kama nilivyomkosea Ilyasi," anasema. "Nilimlinda na mtu ambaye hakuwa adui yake." Siku hizi huuliza kwanza kama barua ina siri. Nyingi hazina. Kati ya barua kumi, anasema, anazozitia kufuli ni mbili au tatu.

Hata hivyo dirisha bado limebandikwa magazeti, na Ilyasi hajarudi kwenye nusu yake ya chumba. Aliombwa mara mbili. "Afadhali tubaki majirani," anasema. "Akipotelewa na kitu tena, mimi nisiwe karibu."

Sasa Kunigunda ana mpango mwingine. Mavuno ya kahawa yakimalizika, anataka kushuka ziwani kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kuwafundisha wanawake wa Lundo hadi Chiwanda kuandika na kufunga barua zao wenyewe kwa simu zao. Kumi na wanne wameshajiandikisha. Ilyasi amekubali kwenda naye kurekebisha simu zitakazogoma, kila mmoja kwa nauli yake.

Je, wakijua wote, yeye atakula nini?

"Nitatoa kopi, nitapiga picha za pasipoti," anajibu. "Watu hawaelewi. Wanadhani namshuku kila mtu isipokuwa mimi. Miaka kumi na mmoja nasoma siri za watu. Nani aliwahi kuniuliza mimi nakaa na nani ofisini? Nataka waweze kuandika bila mimi kujua."

Mwanafunzi wa kwanza hakusubiri Jumamosi. Wiki iliyopita Tereza alijaribu mwenyewe, kwa simu ya mtumba aliyouziwa na Ilyasi, akamtumia Kunigunda barua pepe yake ya kwanza maishani. Aliitia kufuli, akaipa siku moja tu.

Kunigunda anafungua kisanduku chake kuonyesha. Jina la mtumaji lipo. Ndani hamna kitu, muda umekwisha.

"Alikuwa ameandika nini?" anaulizwa.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Kufuli anacheka.

"Mwulize mwenyewe," anasema, na kukigeuza kioo ukutani.